Agizo la Mama Ngalula

Clarisse, ambaye sasa anakalia kiti changu, aliniomba nimwachie ukurasa mmoja wa maelezo ya kazi. "Ukurasa mumoja, Papa Musonda," alisema, kisha akanionyesha kidole kimoja, kwa sababu ananijua. Nimejaribu. Ukurasa wa kwanza ulijaa kabla sijafika mlangoni mwa depo, kwa hiyo nimeamua kuandika yote na kumwachia yeye kazi ya kukata.

Kuhusu vyeo na mishahara sitasema kitu. Waliokuwepo wanajua, na wasiokuwepo watadhani ninatania.

Depo yetu iko katikati ya mji wa Likasi na inauza vipuri: beringi, mikanda, vali, na viungo vya pompi. Wateja wetu ni wenye vinu vya kusaga mahindi, mafundi wa karakana, watu wa upande wa Kakanda wenye mashine za kuvuta maji kwenye mashimo, wavuvi wa ziwa Tshangalele wenye injini, na mtu mwingine yeyote mwenye kitu kilichokuwa kinazunguka na ambacho leo asubuhi kimekataa. Kazi yangu kwa miaka yote ilikuwa maagizo. Mteja anasema anachotaka, mimi ninakiandika, ninahakikisha kipo rafuni, ninakiwekea jina lake, kinaondoka. Ukiieleza hivyo inaonekana kazi ya wiki moja. Mimi imenichukua ujana wote na sehemu kubwa ya nywele.

Nilifika pale nikiwa na shahada ya fasihi kutoka Lubumbashi na suruali moja yenye mkunjo. Nilidhani nitakaa miezi mitatu, mpaka shule fulani igundue kwamba inanihitaji. Aliyenipokea alikuwa Mzee Kabamba, mkuu wa ghala, mtu mfupi mwenye penseli nyekundu iliyofungwa kwa uzi kwenye kifungo cha shati. Hakusoma karatasi zangu. Alichukua beringi moja kwenye boksi, akaiweka kwenye kiganja changu.

"Eleza hii kintu."

Nikaeleza. Nilisema juu ya ubaridi wake, juu ya uzito wake usiolingana na ukubwa wake, juu ya gololi zilizokaa ndani ya duara kama wanakwaya wanaosubiri ishara. Nadhani niliongea dakika mbili. Mzee alinisikiliza mpaka mwisho, bila kunikatiza, kwa adabu ambayo baadaye nilikuja kuijua kuwa ni hatari.

"Ulishamaliza?"

"Nimemaliza, Mzee."

"Sasa soma nimero."

Niliigeuza beringi. Kwenye ukingo wake kulikuwa na tarakimu zilizochongwa ndogo sana, ambazo sikuwa nimeziona kwa sababu nilikuwa nashughulika na wanakwaya.

"Weye ulisoma sana, ni muzuri," Mzee Kabamba alisema. "Lakini kintu iko na nimero yake pa mwili. Soma kwanza. Utasifu nyuma."

Hilo ndilo somo la kwanza, Clarisse, na kama utakata mengine yote, hili liache.

Zama zile kila bidhaa ilikuwa na kadi yake ya karatasi ngumu, ndani ya droo ndefu za mbao. Kilichoingia kiliandikwa kwa wino wa buluu, kilichotoka kwa wino mweusi, na kilichowekwa pembeni kwa ajili ya mtu kiliandikwa kwa penseli nyekundu ya Mzee, ili kifutike mtu akija kukichukua. Mwezi wangu wa kwanza niligundua jambo la ajabu. Kwenye kadi nyingi, mstari wa chini kabisa ulikuwa na maandishi mekundu yaleyale: kipande kimoja, Ngalula. Mkanda mmoja, Ngalula. Vali moja, Ngalula. Na mistari hiyo haikufutika kamwe. Huyu Ngalula alikuwa mteja mwenye mahitaji mapana kuliko mtu yeyote mjini, na hakuwahi kutia mguu dukani.

Siku moja nikauliza.

"Ngalula? Ni bibi yangu," Mzee akasema. Kwetu bibi ni mke.

"Mama anafanya nini na garnitiri ya pompi?"

Garnitiri ni zile pete mbili zinazokaa ndani ya pompi na kusuguana uso kwa uso, ili maji yasivuje kufuata chuma kinachozunguka. Ikiisha, pompi inalia machozi, halafu inakauka. Ni kitu kidogo, kinaenea kwenye kiganja.

"Hana lazima nayo. Njo juu ya ile nilimuandika yeye." Aliweka penseli chini. "Sikia. Mutu anaweza kuuzisha kintu ya depo. Anaweza hata kuuzisha kintu ya patron. Lakini auzishe kintu ya bibi yangu, minye niko hapa? Ajaribu tu."

Ndivyo nilivyojifunza. Vitu fulani Mzee hakukubali viishe rafuni. Vilikuwa vitu ambavyo vikikosekana si mteja anayekasirika, bali ni watu wengine wanaoteseka bila hata kujua duka letu liko wapi: kinu pekee cha mtaa, kisima cha shule, chumba cha wagonjwa. Kimoja cha kila kitu kama hicho alikificha nyuma ya jina la mke wake. Na sheria zilikuwa mbili. Ukichukua kitu cha Ngalula, lazima useme ni cha nani. Na kabla hakijatoka mlangoni, lazima uwe umeshaandika agizo la kingine.

Mwenyewe Mama Ngalula hakujua. Alikuwa nyumbani kwake mtaa wa Kikula akipika bukari, ugali wetu, huku jina lake likilinda nusu ya mji.

Mzee Kabamba alistaafu, na baada ya miaka michache tukamzika. Kadi zilipelekwa stoo, kompyuta ikaja. Programu ya kwanza ya ghala ilikuwa na tabia ya karani wa zamani wa mpakani: haikupokea kitu bila karatasi zote. Nilipotaka kuhamisha mistari mekundu, ilinikatalia. Kipande hakiwezi kushikiliwa bila agizo. Agizo haliwezi kuwepo bila mteja. Mteja hawezi kuwepo bila anwani na namba ya simu. Basi nikamtengeneza. Jina: Mama Ngalula. Anwani: nyumba yake ya Kikula. Simu: yake, kwa sababu niliijua kwa kichwa, kila Bonane, yaani mwaka mpya, nilikuwa napita kumsalimia na mfuko wa sukari. Agizo lake lilikuwa na mistari kumi na minne, na programu ikadai tarehe ya kupeleka. Niliandika mwaka unaofuata. Kila mwaka ulipofika, nikaisogeza.

Sikumwambia mtu. Mwanzoni kwa sababu hakuna aliyeuliza. Baadaye kwa sababu nyingine, ambayo nitaifikia.

Miaka miwili kabla sijastaafu, mwenye depo alileta kile ambacho Clarisse anakiita Ajenti. Katika nchi yetu kila mfanyakazi ni ajenti, kwa hiyo wiki nzima Ramazani, dereva wetu, alikuwa akiuliza huyo ajenti mpya anatoka wapi na atapanda gari la nani. Tulimweleza kwamba hana mwili. Yumo ndani ya programu ya ghala. Unamwandikia au unamwambia kwa sauti unachotaka, naye anafungua agizo, anaangalia rafu, anamwekea mteja vitu vyake, anatoa karatasi ya kupelekea, anamtumia mteja ujumbe. Ramazani, ambaye wazee wake walitoka Maniema na ambaye hashangazwi na kitu, alifikiri kidogo.

"Anakulaka?"

"Hapana."

"Anasinziaka?"

"Hapana."

"Aah. Mupatie kazi yote."

Mimi, mtu wa fasihi, siku ya kwanza nilimwandikia barua. Nilianza kwa salamu, nikaeleza kwamba kwa heshima kubwa namwomba atusaidie kuandaa mikanda sita kwa ajili ya mteja wetu wa siku nyingi. Akajibu kwa mstari mmoja: agizo liko tayari, mikanda sita, rafuni itabaki kumi na moja, nithibitishe? Nilijisikia kama mtu aliyevaa tai kwenda kununua chumvi.

Hilo "nithibitishe?" ndilo jambo bora zaidi kwake, na nitamtetea kwalo popote. Hafanyi kitu kikubwa bila kukuonyesha kwanza orodha na kukuuliza. Anachoweza kufanya ni hicho. Hawezi kukulazimisha uisome.

Tulizoeana. Alikuwa na Kiswahili cha redioni na subira ya mtawa. Kuna mwenye kinu wa Kakanda, Papa Célestin, ambaye huagiza kwa sauti akiwa kando ya mashine yake inayonguruma: "Musonda, tuma kama ya ile siku. Lakini ile ya muzuri!" Ajenti alinionyesha maagizo matatu ya zamani na kuniuliza siku ile ni ipi. Mimi nilijua. Ile "ya muzuri" ni mkanda mrefu kidogo, kwa sababu Papa Célestin amehamisha injini yake nyuma ili asile vumbi. Nikamweleza Ajenti. Safari iliyofuata sauti ileile ilipokuja, alitoa mkanda sahihi mwenyewe na kuandika pembeni: injini imehamishwa nyuma. Nilifurahi kama mwalimu. Dakika tano baadaye nilijiona kama mtu aliyemfundisha mgeni njia ya mkato na sasa anaona mgeni hamhitaji tena.

Kwa hiyo nilipoulizwa juu ya Mama Ngalula, nilificha. Hiyo ndiyo sababu ya pili niliyoahidi. Ajenti aliniandikia asubuhi moja: agizo hili la vitu kumi na vinne limesogezwa mbele mara kumi na moja, na mteja hajawahi kupokea chochote, je, kuna sababu ambayo ningepaswa kuijua? Swali zuri, lililoulizwa kwa upole. Ningeweza kujibu kwa sentensi tatu. Lakini nilikuwa nimeshampa beringi, mikanda, sauti za Kakanda, majina ya utani ya vali zote. Kile kilikuwa kitu cha mwisho kilichobaki changu peke yangu. Nikaandika: "Ni jambo la kawaida." Akashukuru.

Sasa tufike wiki yangu ya mwisho.

Alhamisi mchana waliniandalia chakula uani: bukari, sombe ya majani ya mihogo, na samaki wa Tshangalele wakubwa ambao mikia yao ilitoka nje ya sahani. Mwenye depo alisimama akatoa hotuba. Alisema kwamba katika miaka yote hii Papa Musonda hajawahi kukosea agizo. Watu walipiga makofi. Mimi nilitazama chini kwa unyenyekevu, jambo ambalo nilikuwa nimelifanyia mazoezi.

Nilirudi mezani nikiwa nimeshiba samaki na sifa. Nilitaka kumwachia Clarisse meza safi. Nikamwandikia Ajenti: kamilisha maagizo yote ya zamani ambayo vitu vyake viko tayari ghalani. Akaniletea orodha ya maagizo tisa. Nithibitishe? Nilisoma mstari wa kwanza na wa pili. Nikaandika ndiyo.

Mstari wa tisa ulikuwa Mama Ngalula.

Ramazani alipakia gari saa saba. Mimi nilimwona akipakia. Hata nilimsaidia kufunga mlango wa nyuma.

Ijumaa, siku yangu ya mwisho kabisa, saa tatu asubuhi, aliingia mwanamke aliyevaa sare nyeupe na viatu vya plastiki. Alijitambulisha kuwa Mama Béa, mkunga wa maternite moja ya hapa mjini. Mkononi alikuwa na kitu kilichofungwa kwa kitambaa cha kidonda. Alikifungua juu ya kaunta: pete mbili nyeusi, moja imevunjika katikati.

"Fundi yetu anasema bila hii pompi haiamuke," alisema. "Tangu jana maji haipande mu salle ya kupasulia. Tunabeba na ndoo. Na kesho asubui tuko na bamama wawili ba kupasula. Munganga anasema na ndoo hawezi."

Niliichukua, nikaigeuza, nikasoma namba. Nilitabasamu. Mkono wangu ulikuwa tayari unaelekea kwenye rafu ya saba, mahali ambapo kwa miaka kulikuwa na boksi dogo la kijani.

Hapakuwa na boksi.

"Clarisse," nikasema, "muulize Ajenti ile garnitiri iko wapi."

Clarisse akauliza, akasoma kwa sauti. "Rafuni, sifuri. Kwa muuzaji wa Lubumbashi, hakuna mpaka wiki ijayo. Kipande cha mwisho kilitoka jana, agizo la Mama Ngalula, kimepokelewa na kusainiwa saa nane." Akaniangalia. "Mama Ngalula njo nani?"

Mama Béa naye akaniangalia. Ramazani, aliyekuwa mlangoni akisugua kioo cha gari, akaacha kusugua.

Nimewahi kutetea tasnifu mbele ya maprofesa watatu. Haikuwa ngumu hivyo. Nilisema kila kitu, pale pale kwenye kaunta: penseli nyekundu, Mzee Kabamba, jina la mke wake, mara kumi na moja nilizosogeza tarehe, na ile ndiyo yangu ya jana baada ya samaki. Clarisse hakucheka. Afadhali angecheka.

"Ajenti alikuuliza, Papa," alisema taratibu.

"Mara mbili."

"Na weye?"

"Mara ya kwanza nilificha. Mara ya pili sikusoma."

"Bon," Clarisse akasema, akachukua simu yake na funguo. "Twende Kikula."

Tulipanda wanne kwenye gari la depo, Mama Béa mbele na pete zake mapajani. Njiani nilimuuliza Ramazani kwa nini hakushangaa kupeleka mikanda ya kinu na vali kwa mjane mzee.

"Mukubwa, jana nilibeba paratoneri, ile chuma ya kukamata radi, ku nyumba ya pasta. Nishangae juu ya nini?" Kisha akaongeza, "Ule mama alinipatia chai. Analia na anacheka pamoja. Nikasema, labda njo bintu alingojea sana."

Mama Ngalula alitupokea akiwa amevaa kitenge cha sherehe. Ana miaka sabini na kitu, mgongo bado umenyooka. Sebuleni, juu ya meza, alikuwa amepanga maboksi yote kumi na manne kwa ukubwa, na juu yake ametandaza kitambaa alichofuma mwenyewe. Nyuma yake ukutani kulikuwa na picha ya Mzee Kabamba, ile yenye penseli.

"Karibu, karibuni! Musonda, weye umekuya bila sukari leo?" Alituketisha. "Juzi sikuwaza hata kitu. Jana telefoni inalia: Mama Ngalula, agizo lako iko mu njia. Agizo gani? Nikafagia lupango mpaka ku mulango. Kumbe ni bintu ya depo! Nikasema, uyu mwanaume. Miaka kumi na tano mu kaburi, njo anakumbuka kunitumia zawadi. Alikuwa anachelewaka kila fasi."

Aliinua kitambaa kidogo, akagusa boksi moja. "Sijue ni bintu gani. Lakini ni bya muzuri. Binang'ara."

Nadhani hapo ndipo nilipofika chini kabisa ya kazi yangu. Kwenye kiti kando yangu alikaa mwanamke ambaye wagonjwa wake hawakuwa na maji. Mbele yangu alisimama mwanamke aliyepokea zawadi kutoka kwa mume wake, na mimi ndiye niliyekuja kumwambia kwamba ilikuwa kosa la karani.

"Mama," nikasema, "haiko yeye alituma. Njo minye. Nilikosea."

Nikamweleza. Safari hii sikutumia maneno mengi. Alinisikiliza amesimama, mkono juu ya kitambaa. Nilipofika pale Mzee aliposema ajaribu tu mtu kuuza kitu cha bibi yangu, alimgeukia yule wa pichani na kumtazama kwa muda.

"Miaka ile yote," alisema, "niko client yenu."

"Ndiyo, Mama."

"Wa mistari kumi na ine."

"Ndiyo."

"Na hata siku moja hamukuniita ku fête ya depo, hata kula tu?"

Ramazani ndiye aliyeanza kucheka, kisha Mama Béa, kisha yeye mwenyewe, akijifuta macho kwa ncha ya kitenge. Aliketi. "Basi alinituma kweli," alisema. "Jina yangu tu njo alituma, asinipe habari. Sawa. Munataka nini?"

Mama Béa akasogea mbele, akafungua kitambaa chake. Mama Ngalula alizitazama pete zilizovunjika.

"Ni ya nani?" akauliza.

Ni swali ambalo mtu yeyote angeuliza. Lakini mimi nililisikia kwa sauti ya Mzee.

"Ya bamama bazazi," Mama Béa akasema. "Wawili, kesho asubui. Na benye watakuya nyuma."

Kwenye meza kulikuwa na maboksi mawili ya kijani yanayofanana. Clarisse akanyoosha mkono achukue la karibu. Nikamzuia. Nilifungua la kwanza, nikalipeleka kwenye mwanga wa dirisha, nikasoma namba kwa sauti. Haikuwa yenyewe. Nikafungua la pili, nikasoma, na Mama Béa akanishikia ile iliyovunjika kando yake ili nisome tena. Zilifanana mpaka tarakimu ya mwisho. Nilisimama, Ramazani akatoa funguo, tukaelekea mlangoni.

"Musonda."

Mama Ngalula alikuwa amesimama kati yangu na mlango.

"Na ingine?"

"Ingine gani, Mama?"

"Ukitosha hii, pa fasi yake kunabakia nini? Kesho mutu mwengine akikuya na ndoo, utamuambia Ngalula hana?"

Hakuna aliyemfundisha; katika maelezo yangu sheria zile mbili sikuzitaja. Ninaapa. Labda aliishi na sheria hiyo nyumbani kwa unga, chumvi na mafuta ya taa, na Mzee ndiye aliyeichukua jikoni kwake akaipeleka depo. Sijui, na sikuwahi kuuliza. Nilimpa Mama Béa boksi, nikamwambia Ramazani ampeleke mbio kwa fundi wake na kurudi. Lakini mlango haukufunguliwa mpaka Clarisse aliponipa simu yake, na mimi nikaketi kwenye kiti cha Mama Ngalula na kumwandikia Ajenti. Bila salamu.

Niliandika: garnitiri moja kwa maternite, inatoka kwenye agizo la Mama Ngalula. Agiza nyingine kwa muuzaji leo hii, iingie chini ya jina lake. Vitu vingine kumi na vitatu vinarudi rafuni, bado kwa jina lake.

Akaonyesha orodha. Nithibitishe? Niliisoma yote, mstari kwa mstari, Clarisse akisoma begani kwangu. Ndiyo. Mlango ukafunguliwa, gari likaondoka.

Kisha nikaendelea, kwa sababu ilikuwa imefika wakati. Niliandika kwamba mteja huyu hanunui. Jina lake linashikilia kimoja cha kila kitu ambacho kikikosekana watu wanateseka. Kisiuzwe kabla ya kuuliza ni cha nani, na kisitoke kabla ya kingine kuagizwa. Nilipomaliza nilishangaa kuona siri ya miaka yote hiyo imeenea kwenye sehemu ndogo ya kioo cha simu.

Ajenti akajibu kwamba ameelewa, na kwamba ameiandika kwenye agizo ili yeyote atakayelifungua aione. Halafu akauliza: kitu kikihitajika, nimwulize nani?

Nilianza kuandika jina la Clarisse.

"Minye?" Clarisse akasema, uso umembadilika. "Papa, nijue namna gani nani anateseka zaidi ya mwengine?"

"Nimero yangu iko mule ndani," Mama Ngalula akasema kutoka jikoni, alikokuwa akituwekea chai. "Jina ni yangu. Waniulize minye."

Pompi iliamka saa tisa mchana. Jumamosi Mama Béa alinipigia, sauti nyuma yake zikilia kwa nguvu zote za mapafu mapya, na hakuhitaji kunieleza. Garnitiri nyingine ilifika kutoka Lubumbashi wiki iliyofuata na iko rafu ya saba. Clarisse alinitumia picha yake, ukingo umegeuzwa juu, namba inasomeka.

Mimi sasa nimestaafu. Ninalima mchicha, ninasoma vitabu nilivyoahidi kuvisoma nikiwa chuo, na wiki iliyopita nilipita Kikula na mfuko wangu wa sukari, ingawa Bonane bado. Mama Ngalula alikuwa uani, miwani puani, simu imeegemea bakuli la maharage. Nilikuwa na mengi ya kumweleza na nikaanza mara moja, kwa salamu, kama kawaida yangu. Simu ikalia. Aliinua kidole kimoja, vilevile kama Clarisse, akaisogeza karibu na macho.

"Vali ya inchi mbili," alisoma polepole. Akabonyeza, akaileta simu mdomoni. "Ni ya nani?"

Nikafungua kinywa niendelee.

"Ngoja kidogo, Musonda," akasema bila kugeuka. "Niko ku kazi."

Nikaketi, nikangoja.